Fomu Tisa Safi

Hayat alisifiwa mbele ya watu siku ya Jumatano, na laiti angejua sifa zinavyoweza kumchoma mtu, angesingizia homa akabaki kwao Tabata.

Walikuwa kwenye chumba cha mikutano cha mradi, Kinondoni, wadadisi kumi na wawili na vishikwambi vyao mezani, feni inazunguka bila kumpoza yeyote. Dokta Elibariki, mkuu wa utafiti, mtu mpole asiyejua kupaza sauti, alikuwa anawaonyesha ukutani matunda ya miezi sita ya kazi yao: nani yumo hatarini kupata virusi vya Ukimwi katika Kinondoni na Temeke, kundi kwa kundi. Madereva wa malori, bodaboda, wasichana wa baa, vijana wanaojidunga. Kila kundi na nguzo yake nyekundu, hii ndefu, ile fupi. Likaja kundi la mwisho, wanawake wa miaka hamsini na kuendelea, na hapo hapakuwa na nguzo. Palikuwa na kistari chembamba tu, kama uzi uliodondoka kwa fundi cherehani.

"Hawa wametulia," alisema Dokta, na watu wakacheka kidogo. "Na fomu zao ni safi. Nimpongeze Hayat hapa. Fomu tisa, hakuna swali lililoachwa wazi, hakuna jibu linalopingana na jingine. Mpigieni makofi."

Wakampigia. Hayat akainamisha kichwa na wenzake wakadhani ni unyenyekevu wa binti aliyelelewa. Familia yao ina duka Tabata tangu enzi za babu yake, watu wanaosalimia kwanza na kuuza baadaye, na hata pale ofisini alikuwa anamwamkia mfagizi kabla ya kumwamkia Dokta.

"Kwa maana hiyo," Dokta akaendelea, "awamu ya pili haitawahusu. Vituo vya kupima na dawa kinga tutavipeleka kwenye haya makundi ya juu. Ripoti naituma Ijumaa saa kumi."

Hapo ndipo makofi yalipoanza kumuuma. Maana Hayat alikuwa anajua jambo ambalo Dokta hakulijua, na akinamama wale tisa walilijua nusu yake: hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

Tuseme ukweli wake, naye asitafutiwe visingizio. Kwenye mafunzo waliambiwa wasome kila swali kama lilivyoandikwa, kwa sauti, awe mbele yako dereva au mke wa mchungaji. Wakafanya mazoezi wao kwa wao. Hayat alimhoji Fransis, kijana mwenzake wa Temeke, na Fransis akamtajia wanawake arobaini ndani ya mwezi mmoja, wakacheka mpaka machozi. Mwishoni kila mmoja akatia saini kwamba hataruka swali.

Kisha ukafika mwezi wa tatu na wakapelekwa Mwenge, nyuma ya vibanda vya vinyago.

Mtu wake wa kwanza alikuwa Bi Avelina, mjane wa miaka hamsini na minane, mzaliwa wa Newala. Mumewe alikuwa mchongaji, na alipofariki mama huyo akabaki palepale, anapiga msasa vinyago vya wengine na kuving'arisha kwa kiwi ya viatu. Hayat akampa shikamoo, goti likipinda lenyewe. Bi Avelina akaitikia marahaba, akafuta kigoda kwa ncha ya kanga, akampa mgeni, yeye akakaa kwenye gogo. Alikuwa rika la mama yake Hayat. Hata kuinamisha shingo akisikiliza, alikuwa mama yake mtupu.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya nyumba na choo. Ya pili, magonjwa. Ya tatu, anachokijua kuhusu virusi. Zote zikapita vizuri. Sehemu ya nne ilikuwa ya kitandani, na swali lake la kwanza lilikuwa hili: katika miezi kumi na miwili iliyopita, umefanya ngono na mtu yeyote?

Hayat alilisoma kimoyomoyo. Akatazama mvi zilizochungulia kwenye kilemba cha yule mama. Ile marahaba aliyopokea muda mfupi uliopita ilikuwa imeshamweka mahali pake, pa mtoto, na mtoto haulizi mambo hayo. Kidole chake kikagusa "hapana," na kishikwambi, kwa kuwa kilitengenezwa kuamini, kikayaruka maswali kumi na moja yaliyofuata na kuandika mwishoni kwamba huyu hahitaji kadi ya kijani. Kadi ya kijani ndiyo iliyompeleka mtu kupima na kupata dawa kinga bila foleni wala maelezo.

"Ndiyo yote, mwanangu?" Bi Avelina aliuliza.

"Ndiyo yote, mama."

Yule mama alibaki kidogo na kipande cha msasa mkononi. Kisha akanyanyuka, akamsindikiza Hayat mpaka barabarani.

Hao wanane waliobaki walikuwa rahisi. Dhambi ya kwanza ikishapita bila radi, ya pili mtu huifanya anatafuna karanga. Kila alipomkuta mama mtu mzima, Hayat aliamkia, akauliza choo, akauliza malaria, akagusa "hapana," akaaga. Moyoni aliita heshima. Akajisifu hata, kwamba wenzake wamekauka macho, yeye bado ana adabu zake. Haikuwa adabu. Alikuwa anajiokoa yeye na aibu yake, na wale akinamama aliwatumia kama pazia.

Alhamisi asubuhi alikwenda Mwenge. Mpango wake ulikuwa mdogo na wa kioga: ayaulize maswali yale harakaharaka, arekebishe fomu kimyakimya kabla ya Ijumaa, asijue mtu. Angeanza na Bi Avelina kwa sababu ndiye mama aliyemfutia kigoda.

Akamkuta palepale kwenye gogo, anamsugua twiga wa mpingo shingoni. Alikuwa amepungua. Kanga ilimzunguka kiunoni mara nyingi kuliko zamani.

"Shikamoo, mama."

Bi Avelina alimaliza kwanza shingo ya twiga. "Marahaba. Umerudi na mashine yako."

"Kuna maswali niliyasahau siku ile, mama. Nimekuja tuyamalizie, hata dakika kumi hayafiki."

"Hukusahau," alisema Bi Avelina. "Uliyaruka. Nilikuona."

Uso wa Hayat uliwaka. Akatamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi ya Mwenge ilikuwa ngumu, imejaa vumbi la mbao na vipande vya msasa uliochakaa.

Bi Avelina akanyanyuka, akamtangulia kwenye kibanda cha kuhifadhia magogo, akarudishia mlango. Hakukuwa na kigoda humo. Wakakaa kwenye magogo, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Wale wasichana wa baa ya hapo nyuma mlishawahoji," alianza. "Wanakujaga kwangu kupiga soga mchana. Wakatuhadithia yote, wakatuonyesha na kadi za kijani. Kwa hiyo mie nilikuwa najua maswali yenu kabla hujafika. Siku ile nilioga mapema. Nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikapiga msasa na kitenge cha kanisani! Watu wakanitania, Avelina leo unaolewa? Nikawajibu, niacheni. Nilikuwa nimejiambia, huyu binti akiniuliza, leo nasema."

"Useme nini, mama?" Hayat aliuliza.

"Kuna Ferdinand. Anachonga kule mwisho, ana safari zake za Lindi kufuata mpingo. Tulianza mwezi wa pili. Mume wangu ana miaka tisa kaburini, mwanangu. Sikujua kama mwili bado unakumbuka." Akatazama mikono yake, nyeusi kwa kiwi mpaka kwenye kucha. "Halafu nikasikia maneno, kwamba mwanamke wake wa zamani alikuwa anameza dawa. Nikaogopa. Nimuulize nani? Wanangu? Katekista? Nikienda kituoni nitamkuta nesi msichana kama wewe, ataniambia, bibi na wewe! Nikaona bora huyu wa utafiti. Huyu kazi yake ni kuuliza, hata akicheka moyoni, atauliza tu."

Hayat hakucheka moyoni. Hayat alikuwa analia, na hata kulia kwenyewe alikuonea aibu, maana si yeye aliyekuwa na haki ya kulia mle ndani.

"Nikakuuliza, ndiyo yote? Ukanijibu, ndiyo yote. Nikajua basi. Kwa mtu wa umri wangu hayo mambo hayapo, na kama yapo, hayatakiwi kusemwa. Nikakusindikiza barabarani."

"Umepima, mama?"

"Mwezi uliopita. Kikohozi kiligoma kupona, wakanipima kila kitu. Ninavyo."

Nje mtu alikuwa anagonga patasi, kwa mapigo ya polepole.

"Dawa nameza, nashukuru Mungu, na nguvu zinarudi," aliendelea Bi Avelina, baada ya kukohoa kikohozi kikavu. "Ferdinand alipojua kwamba najua, akaenda Lindi, na huko amekaa. Si hilo linaloniuma. Linaloniuma ni ule mwezi wa tatu. Labda nilikuwa nimeshaambukizwa, labda nilikuwa bado mzima. Ungeniuliza, ningepewa kadi, tungejua. Sasa hakuna atakayejua. Nikilala nalifikiria hilo tu."

"Nisamehe, mama. Nilikuonea haya."

"Najua ulinionea haya. Mimi mwenyewe nilijionea haya, lakini nilizivua nikakungoja." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Nimekasirika, Hayat. Usidhani kwa kuwa nakuita mwanangu sijakasirika. Haya, washa hiyo mashine. Uniulize yote, usiruke hata moja. Na unitazame usoni."

Hayat akawasha. Akasoma swali la kwanza na sauti ikatoka kama ya mtu aliyepaliwa.

"Sijasikia."

Akalisoma tena. Bi Avelina akajibu. Akasoma la pili, la tatu. Likafika swali la kondomu. "Nilimwambia mara moja. Akaniuliza kama naogopa kushika mimba. Tukacheka wote. Andika hivyo, kwamba tulicheka."

"Hakuna nafasi ya kuandika hivyo, mama. Kuna ndiyo na hapana."

"Basi andika hapana."

Maswali kumi na mawili yalichukua karibu saa nzima, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Hilo ndilo lililomtesa Hayat kuliko yote. Jambo aliloliogopa miezi sita lilikuwa linawezekana tangu siku ya kwanza, juu ya gogo, kati ya watu wawili wazima. Alipomaliza, Bi Avelina alichungulia kioo cha kishikwambi kana kwamba angeweza kuuona uso wake humo.

"Sasa nimo?"

"Umo, mama."

"Angalia vizuri. Nataka niwemo. Wale wakubwa zako wajue kwamba na sie tupo."

Akachukua namba ya simu ya Hayat, akamsindikiza tena mpaka barabarani. Safari hii Hayat hakujua aende wapi. Wanane walikuwa wamebaki, waliotawanyika kutoka Mwenge mpaka Mbagala, na kila mmoja angeweza kuwa na Ferdinand wake. Ule mpango wa kurekebisha kimyakimya ulikuwa umemfia mkononi. Hata kama angewamaliza wote, fomu tisa hazingesimamisha nguzo, na kistari kingeenda kama kilivyo kwenye ripoti. Usiku ule alikula ubwabwa mbele ya mama yake bila kuinua macho.

Ijumaa asubuhi alisubiri wote wakae. Kisha akasimama, na kabla Dokta Elibariki hajauliza kuna nini, akasema: "Fomu zangu tisa ni za uongo. Sehemu ya nne sikuiuliza. Niliijaza mwenyewe."

Dokta alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kwa nini?"

"Niliwaamkia," alisema Hayat. "Baada ya hapo sikuweza."

Ni sababu ya kipuuzi ukiisikia ofisini, mbele ya projekta. Aliisikia upuuzi wake yeye mwenyewe. Lakini hakuna aliyecheka. Dokta akainua kichwa na kuwatazama wote, mmoja baada ya mwingine. Fransis, yule wa wanawake arobaini, alikuwa anakwangua rangi ya meza kwa ukucha.

"Na mie, Dokta," alisema Fransis bila kutazama juu. "Saba. Kuna mmoja kasoma na bibi yangu."

Akafuata mwingine, tano. Mwingine, tatu, halafu akajisahihisha, sita. Wawili wa mwisho, sita kila mmoja. Dokta Elibariki alikuwa anaandika kwenye karatasi, na mkono wake ulikuwa unaenda polepole zaidi kila namba ilipotajwa. Kati ya wanawake arobaini na wanne wa kundi lile lililotulia, thelathini na tisa hawakuwa wameulizwa sehemu ya nne.

"Mimi nimelitetea hili kundi," alisema kwa ile sauti yake isiyopanda. "Nilitaka kusimama mbele za watu niwaambie mama zetu wako salama. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kwa sababu na mimi nina mama."

Ripoti haikuenda saa kumi. Dokta alipiga simu, akaomba mwezi mmoja, akasema kundi zima litahojiwa upya na watu wapya. Waliokiri waliondolewa kazini siku hiyohiyo kwa kuvunja walichokitia saini, na Hayat hakuona uonevu wowote. Aliomba jambo moja tu, akiwa amesimama mlangoni na kishikwambi mkononi.

"Dokta, kuna moja niliirudia jana. Ile ni ya kweli, naapa. Mama mwenyewe ameomba awemo."

"Ulirudi kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa yangu."

Dokta alinyoosha mkono, akakipokea kishikwambi. Alikisoma muda mrefu kuliko fomu moja inavyohitaji. "Siwezi, Hayat," alisema hatimaye. "Nikiweka moja ya mtu aliyeghushi nane, hakuna atakayeniamini hata kwa zile za madereva." Akabonyeza. Pale palipoandikwa tisa pakaandikwa sifuri.

Jumamosi saa nne asubuhi Hayat alikuwa dukani kwao Tabata, anapima sukari, simu ilipoita. Alikitambua kile kikohozi kabla ya sauti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akashindwa kumwamkia mtu mzima.

"Nimo?" aliuliza Bi Avelina.

Angeweza kudanganya. Kazi alikuwa hana tena, na yule mama asingekaa aione ile ripoti. Neno moja tu, jepesi, kama lile la mwezi wa tatu.

"Haumo, mama. Wamezifuta zote tisa kwa sababu ya uongo wangu, na ile ya kweli imefutwa humohumo. Watakuja wengine kuuliza upya."

Upande wa pili msasa ulikuwa unakwaruza mti. Ukasimama.

"Kwa hiyo niseme tena. Ya Ferdinand, ya kondomu, yote, kwa mtu mwingine tena."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Nitasema." Msasa ukaanza upya, kwa nguvu zaidi. "Ila waambie hao wenzako wasiniletee mtoto wa kunipigia magoti. Waniletee mtu wa kuniuliza."

Simu ikakatika. Mteja akagonga kaunta mara mbili akitaka nusu kilo, na Hayat akampimia bila kumtazama usoni.